Mwiko

Jemu ya plamu haiunguzwi na moto, asema Bibi Jolán,
huunguzwa na mtu aliyenyanyuka kwenda kujibu simu.
Ndiyo maana tuko uani sote, saa nne za usiku,
Septemba ikimalizika, kijijini ambako treni haisimami tena,
tumeizunguka sufuria ya shaba iliyozizidi umri serikali nne
na kuzikwa bustanini mara mbili, askari wakipita.
Chini kabisa jozi tatu na maganda yake
zinagonga, go, go, go, ili rojo lisishike.
Sukari hatutii. Tunakoroga tu, kwa umbo la nane,
tukipokezana mwiko mrefu kama mpini wa jembe.

Mwiko mwingine haushikiki:
tangu Pasaka, siasa haitajwi nyumbani humu.

Basi tunataja magoti. Tunataja bei ya vifuniko.
Kaka yangu Csongor, fundi wa gia kule Ujerumani,
anatutazama ndani ya simu iliyoegemezwa ndoo.
Yeye hapigi kura popote, na usingizi wake mtamu.

Babu Vendel alikuwa karani wa ushirika.
Kadi yake ya chama imo kwenye kopo la paprika,
siku hizi inanukia supu.
Ushirika huohuo uliswaga farasi wawili
kutoka zizi la baba yake Bibi,
kisha karani akaja kuposa.
Miaka hamsini na minane ya ndoa
na farasi hawana majina.

Mimi ndiye niliyeanza. Sikuanza kwa neno,
nilianza kwa beji niliyosahau kuivua kotini.
Mama yangu, Piroska, akaisoma kwa mwanga wa moto,
akaisoma tena, kama mtu asomaye bili ya maji.
"Mwaka wa themanini na tisa nilisimama uwanjani
nta ya mshumaa ikinitonea vidole,
ili wewe uje unitukane kwa uhuru."
"Uwanja ni uleule, Mama. Juzi nilisimama palepale.
Wewe ulikuwa ukumbini, mstari wa pili, unawapigia makofi."
"Napiga makofi kwa kuwa barabara imefika."
"Na shule imefungwa."
"Kwa kuwa nyinyi mmehama!"

Nikasusa. Naye akasusa.
Mwiko ukabaki umesimama wenyewe katikati ya rojo
kama mlingoti usio na bendera.

Harufu ndiyo iliyotuzindua,
lakini aliyefika kwanza ni Babu, nyonga yake ya chuma ikilia,
akaushika, akakwangua chini
kwa nguvu za mtu aliyesikia yote.
Na Bibi, bila kuinua macho kwenye kisu na kokwa,
akasema, "Bátor na Szellő."

Mkono wa Babu haukusita.
"Najua," akasema. "Niliandika mimi.
Farasi wawili, rangi ya kahawia, wazima.
Mmoja alikuwa na doa jeupe pajini.
Doa hawakuniagiza niliandike."

Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeomba radhi.
Csongor ndani ya simu akauliza, "Bado mpo?"
kumbe picha yetu ilikuwa imemgandia kitambo.
Mama akanisogelea, akanifunga kitufe cha juu cha koti,
kile kilicho karibu na beji.
Beji hakuigusa.

Alfajiri tulipata chupa thelathini na moja,
zina ladha ya moshi kwa mbali.
Bibi haziuzi za namna hiyo. Alinipa sita.

Basi lilipovuka mto, ujumbe wa Mama ukaingia:
Umefika? Kura ni Jumapili.
Najua utawapa nani.
Rudisha chupa.